Shikamoo Iliyochelewa

"Kaka, nipimie kilo mbili za maharage ya njano, na tafadhali usinichanganyie ya mwaka jana."

Kijana aliyeambiwa hivyo aligeuka kutazama nyuma, akidhani anayesemeshwa ni mtu mwingine. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa Jumamosi, na soko la Sumbawanga lilikuwa limefurika: wanawake wa Kasense wakishusha magunia, wauza dagaa wakigombea jua badala ya kivuli, kwa maana upepo wa Ufipa ulikuwa bado unauma masikio. Mwenye maharage, Salome, alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta mifuko. Kijana huyo, Isdori, alikuwa mteja tu, akisubiri zamu yake ndani ya koti jeusi la ngozi na skafu ya bluu iliyozungushwa shingoni.

Akamtazama msichana aliyemsemesha. Gauni la kitenge chenye maua ya alizeti, sweta jekundu, nywele zilizosukwa mistari iliyonyooka. Macho yake makubwa hayakumlenga usoni. Yalitua pembeni kidogo, karibu na sikio. Isdori akadhani ni haya, na haya hiyo ikampendeza. Akachukua kibakuli, akachota, akaweka kwenye mizani.

Salome akainuka. "We mtoto wa watu! Nani kakuajiri hapa?"

"Dada huyu. Nimeanza kazi leo."

Watu wakacheka. Redempta, ndilo lililokuwa jina la msichana, akatambua kwamba amemsemesha mteja. Akajilazimisha kucheka pamoja nao. "Basi mfukuze, dada Salome. Amenijazia kupita kiasi, hajui biashara."

"Nimejaza kwa kuwa mteja ni mzuri," Isdori akajibu.

"Kwa mtindo huo utafilisika kabla ya mchana."

Aliondoka haraka na maharage yake. Tangu mwaka wa pili wa chuo, doa la ukungu lilikuwa limeota katikati ya kila alichokitazama. Pembeni aliona vizuri: barabara, mtaro, rangi za nguo. Alitembea bila kujikwaa. Lakini pale alipokaza macho, kwenye uso wa mtu au herufi ya kitabu, ukungu ndipo ulipokaa. Daktari wa macho kule Mbeya alimweleza kwa upole kwamba hakuna miwani itakayouondoa. Redempta akajifunza kuwatambua watu kwa sauti na mavazi, na kuisikiliza simu yake ikimsomea maneno kupitia kisikilizio alichokificha chini ya nywele. Siri hiyo aliijua babu yake peke yake.

Jumatatu, katika ofisi ya chama cha wastaafu kule Milanzi alikokuwa akifanya mafunzo kwa vitendo, alisikia sauti mlangoni.

"Bosi wangu! Hukuniambia unafanya kazi huku."

Akaiona skafu ya bluu. "Muuza maharage! Umekuja kudai mshahara?"

Isdori alikuwa amekuja kutengeneza tovuti ya chama. Kwa miaka mingi wastaafu walisafiri kutoka Mwimbi na kwingineko, wakaja kujionesha ofisini kwamba wangali hai, ndipo kadi zao za matibabu ziendelee. Sasa wangejihakiki kwa simu, kila mtu akiwa kwake. Redempta aliipenda fikra hiyo kabla hajampenda mwenye kuitekeleza. Lakini hilo la pili halikuchelewa sana.

Walikunywa chai pamoja kibandani jirani na ofisi. Walipigiana simu jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula maharage yako. Yana mawe."

"Hayo si mawe, ni mapenzi. Yatafune polepole."

Kila asubuhi Isdori alimtumia picha: waridi, jua linalochomoza, kikombe cha chai chenye maneno ya salamu yaliyopambwa. Simu ya Redempta ilimnong'oneza sikioni neno moja tu: "Picha." Naye alijibu, "Nzuri, asante laazizi," kisha akakaa na hofu ndogo kifuani, hofu ya mtu anayeshukuru zawadi bila kuifungua.

Tovuti ilipokamilika, Isdori alifungua kompyuta mpakato mezani kwa Redempta kwa fahari ya mzazi.

"Tazama, Rede. Safi kama theluji. Herufi za kijivu, nyembamba. Vitufe sikuviandika maneno, nimeweka alama tu. Siku hizi ndiyo mtindo."

Redempta aliona weupe mtupu. Mapema siku hiyo alikuwa amejificha nyuma ya ofisi akaisikiliza tovuti ile kwa simu yake. Ilimwambia: kitufe, kitufe, picha, kitufe. Hakuna kilichokuwa na jina.

"Ni nzuri," akasema taratibu. "Ila nawaza... wazee wataweza? Kijivu juu ya nyeupe, na macho yao yale?"

"Wazee wana wajukuu, mpenzi. Mjukuu atamsomea."

"Na asiye na mjukuu?"

"Ufipa hii? Nani hana mjukuu?" Akacheka, akamgusa kidole. "Wewe una moyo wa kubeba dunia. Niachie mimi tovuti, nawe nibebe mimi."

Alitaka kumwambia. Lakini aliwaza namna sauti ya mwanamume huyu ingebadilika, namna mzaha ungegeuka upole wa hospitalini, naye akaificha siri yake.

Ijumaa ile Isdori hakutaka kusema jambo lake kwa simu. Yeye aliamini kwamba neno kubwa halivai nguo za kila siku. Alitumia mchana mzima kulitengeneza: mawaridi mekundu, na juu yake herufi nyeupe zilizojikunja kama mashina ya maharage. Akaituma picha hiyo, akakaa akiitazama simu.

"Picha," simu ikamwambia Redempta.

Alijaribu kuikuza. Herufi zikazidi kujikunja, ukungu ukazila. Akaona wekundu, akakumbuka mawaridi ya juzi na ya wiki iliyopita. Akaandika: "Nzuri sana, mpenzi. Asante."

Isdori aliposoma jibu hilo alimkumbatia mama yake jikoni hadi mwiko ukaanguka.

Jumapili, baada ya misa, watu walimiminika kutoka kanisani. Langoni alisimama Isdori, amevaa suti ya kijivu, bila skafu, na pembeni yake mama yake, Agnesi, mwanamke mrefu aliyejitanda kitenge kipya cha zambarau. Hawakusema neno. Redempta alitoka na wasichana wenzake wa kwaya, akitabasamu, na gauni lake likipeperushwa na upepo. Alikuja moja kwa moja kuelekea kwao. Msichana akafika, akaona kivuli cha suti ya kijivu miongoni mwa suti nyingi za kijivu, na kitenge cha zambarau miongoni mwa vitenge vingi.

Akapita.

Alipita karibu sana, hata upindo wa gauni lake ukamgusa Agnesi mguuni. Hakuamkia. Hakupunguza mwendo.

Mama aliwatazama wasichana mpaka wakatokomea. "Ndiye huyo?"

"Ndiye, mama."

"Amenipita kama nguzo ya umeme." Akakaza kitenge chake. "Hata mtoto wa darasa la kwanza huniamkia njiani. Twende. Na jina lake lisitajwe nyumbani kwangu."

Kesho yake asubuhi hakukuwa na picha. Jumanne pia. Ofisini Isdori hakufika. Alituma salamu kwa katibu kwamba anafanyia kazi nyumbani. Redempta alishika simu kila ilipotikisika, na kila mara ilikuwa mtu mwingine. Hatimaye akapiga.

"Isdori, nimekukosea nini?"

Ilimjibu sauti baridi, sauti ambayo hakuwahi kuisikia. "Umeshajibu, Redempta. Sihitaji maelezo."

"Nimejibu nini?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Umempita mama yangu langoni, karibu umkanyage. Nami nipo pale, nakutazama."

Langoni. Suti ya kijivu. Kumbe. Neno "sikuwaona" lilimfika ulimini, na nyuma yake akaliona swali litakalofuata: kwa nini hukutuona, mchana kweupe?

"Nilikuwa... nilikuwa na haraka," akasema.

Alijuta kabla hata hajamaliza. Isdori alicheka kicheko kikavu. "Haraka. Haya. Nenda na haraka yako." Simu ikakatika.

Umeshajibu. Neno hilo lilimtafuna usiku na mchana. Kulikuwa na swali mahali fulani, na yeye alilijibu bila kulijua. Akaikumbuka picha. Lakini nani wa kumsomea? Babu yake alikuwa na mtoto wa jicho. Wangeishia kuwa wawili wasioweza kusoma waridi moja. Wenzake wa kwaya wangeitangaza. Mwishowe miguu ilimpeleka sokoni.

"Dada Salome, nisomee hii."

Salome akajifuta mikono, akaipokea simu. "Msomi wa chuo kikuu anasomewa na muuza maharage?"

"Herufi zimejikunja."

Salome akasoma polepole, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezoea kunadi. "'Rede wangu. Jumapili baada ya misa nitasimama na mama langoni. Sitasema neno, nisije nikakulazimisha. Ukimwamkia, nitatuma mshenga kwenu. Ukitupita, nitaelewa.'" Akainua macho, na mteja aliyekuwa akichagua karanga naye akageuka. "Eee! Sasa uliwaamkia?"

"Niliwapita."

"Mungu wangu! Kwa nini?"

Redempta akamsogelea. "Sikuwaona, dada."

Salome akayatazama macho yale yaliyotua pembeni ya uso wake. "Kama siku ile ulipomwita mteja wangu muuza maharage."

"Kama siku ile."

"Basi mwambie."

"Nikimwambia atanihurumia. Sitaki kuolewa kwa huruma."

"Na sasa utaolewa kwa nini?" Salome akamrudishia simu. "Kwa siri? Siri haina mshenga, mdogo wangu."

Siku ya kuijaribu tovuti, ukumbi wa chama ulijaa makoti mazito, fimbo na harufu ya sabuni. Isdori alikuwa mbele. Skafu ya bluu ilikuwa shingoni, na Redempta aliitambua kutoka mlangoni. Isdori hakugeuka kumtazama.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Mzee Wilibrodi, aliyekuwa bwana shamba zamani, babu yake Redempta. Alichomoa simu yake, ambayo mjukuu wake alikuwa ameifundisha kusema.

"Shikamoo mzee. Fungua ukurasa, bonyeza kitufe cha kuanza."

"Marahaba. Kipi?"

"Hicho chenye alama ya mshale."

Simu ikasema kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."

"Mshale hausemi hapa," mzee akanung'unika. Akabahatisha, akaingia. Ukurasa ukamtaka aandike herufi anazoziona ndani ya picha, ili ihakikishwe kwamba yeye ni binadamu. "Picha," simu ikasema. Mzee akaisogeza puani, akaipeleka mbali, akaigeuza upande. Jasho likamtoka, baridi ile.

"Muda wako umekwisha," simu ikatangaza.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. "Hata mimi najua muda wangu unakaribia kwisha," mzee akasema, "lakini si lazima simu inikumbushe mbele za watu." Kisha hakucheka tena. "Kijana, nina kisukari. Kadi yangu ikifungwa, dawa nitapata wapi?"

Isdori alihisi ukumbi mzima ukimtazama. Akasema lile alilokuwa nalo mdomoni siku zote. "Mzee, labda mjukuu wako angekusaidia kusoma."

Redempta alisimama. Hakuwa amepanga kusimama. Kikao kizima kiligeuka, naye akajikuta amekwisha kusema.

"Mjukuu wake ni mimi. Na mimi sioni kusoma."

Akatembea mbele, akachomoa kisikilizio chini ya nywele zake, akaiweka simu mezani ili sauti itoke wazi.

"Naona koti lako la kijani, mzee Flavian, hapo mbele. Uso wako siuoni. Herufi sizioni. Husomewa na simu hii, kama babu anavyosomewa. Tovuti hii nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara imenifungia mlango. Nilijua, nikanyamaza kwa aibu yangu. Nisameheni." Akaigusa skrini. "Picha," simu ikasema. "Kitufe. Picha."

Kwa mara ya kwanza Isdori alilisikia neno hilo kwa masikio yake yote. Picha. Alifikiria waridi, jua linalochomoza, vikombe vya chai. Alifikiria mchana mzima wa Ijumaa. Uso wake ukabadilika, na kila mtu aliuona isipokuwa Redempta.

Alimkuta Redempta nje, ameegemea ukuta, upepo ukimtoa machozi.

"Ni mimi. Isdori."

"Najua. Umevaa skafu."

"Siku ile sikuivaa." Akasogea karibu. "Rede, nifungulie ile picha yangu. Nataka kuisikia unavyoisikia wewe."

Akaifungua. "Picha," simu ikasema.

"Basi?"

"Basi."

"Hiyo ndiyo uliyoijibu 'nzuri sana'?"

"Hiyo ndiyo."

Isdori akacheka, na katikati ya kicheko akafuta macho kwa skafu. "Nimetengeneza mawaridi mchana kutwa ili nikuulize jambo la maisha, nikakutumia ukuta!"

"Usijilaumu peke yako. Ulinyamaza langoni, mimi nikanyamaza kwenye simu. Nilisema nina haraka, na sikuwa na haraka." Akavuta pumzi. "Sasa unajua. Ukitaka kuondoka, ondoka leo. Usisubiri nikuzoee zaidi."

"Unaogopa nitakuhurumia?"

"Sana."

"Nimekasirika mno siwezi kuhurumia. Ulijua tovuti yangu ni mbovu, ukaniambia nzuri! Mpenzi gani huyo?"

Redempta akacheka bila kutaka, kisha kicheko kikazimika. "Na mama yako?"

Isdori akaizungusha skafu shingoni. "Nitamweleza. Sijui atasema nini. Aliumia, Rede. Na akishajua, ataogopa pia. Ataniuliza kuhusu watoto, kuhusu kesho."

"Nami hujiuliza hayo." Akajifunga sweta. "Kabla ya mama, wapo wazee. Anza na wao."

Akaanza. Aliihamishia kompyuta yake kwenye meza ya ofisini, akaketi na Mzee Wilibrodi upande mmoja na Redempta upande wa pili, akafumba macho na kuisikiliza kazi yake. Herufi zikawa nyeusi na nene. Kila kitufe kikapewa jina la kazi yake, kila picha ikaandikiwa maneno ya kuieleza. Zile herufi za kuthibitisha ubinadamu akaziondoa, na badala yake chama kikampigia mzee simu akajitaja kwa sauti. Muda uliokuwa ukikimbia akausimamisha. Mtu angeweza kuinuka, akatafuta kitambulisho chake kabatini, akarudi na kuukuta ukurasa ukimngoja. Mzee Wilibrodi alipofika mwisho na kuambiwa kwamba ameshahakikiwa, alipiga meza kwa kiganja.

"Niko hai! Imekubali kwamba niko hai!"

Lakini kutoka nyumbani kwa Agnesi hakukuja neno. Kila jioni Redempta aliuliza, na kila jioni Isdori alijibu, "Amenisikiliza. Hajasema." Msichana akapoteza hamu ya kula. Mtu akikataa, unalia. Mtu akinyamaza, unakaa na kikapu mkononi usijue ukitue wapi.

Jumamosi asubuhi simu yake ikanong'ona.

"Picha. Shamba la alizeti kule Kasense. Katikati amesimama kijana mwoga, mwenye skafu ya bluu. Anauliza kama utakubali akuoe. Kesho atakuwa langoni tena, na safari hii atasema."

Aliisikiliza hadi akaikariri. Kisha akaandika, bila pambo: "Nakubali. Ila naogopa."

Jumapili watu walimiminika kama kawaida. Redempta alitoka polepole, mikono ikiwa ndani ya mifuko ya sweta. Lango lilikuwa na vivuli vingi, na kila kivuli kingeweza kuwa hukumu yake.

"Rede, ni mimi, Isdori. Niko kulia kwako." Sauti ilimfikia. "Mama yupo nami. Hajaniambia atakachosema."

Akageuka. Aliona zambarau. Alisikia upepo ukipigapiga upindo wa kitenge, na hakusikia kingine. Angeweza kuamkia, lakini alijua kwamba kutambulishwa na mwana si sawa na kupokewa na mama. Alisubiri, na kusubiri huko kulimchoma kuliko maneno.

"Mimi ni Agnesi," sauti nzito ya mwanamke ikasema. "Mama yake Isdori. Siku ile nilisimama hapa hapa nikikungoja, nami sikujitaja."

Redempta akachuchumaa mpaka gauni likagusa vumbi, akapiga viganja taratibu, mara kadhaa, kwa heshima ya Kifipa. "Shikamoo, mama."

Watu walipita kushoto na kulia. Agnesi alimtazama yule binti aliyeinama, nywele zake za mistari, macho yaliyoelekezwa pembeni ya uso wake kama yanayoutafuta.

"Marahaba, mwanangu." Akaushika mkono wake, akamwinua. Hakuuachia. "Na hayo macho, daktari amesema yataishia wapi?"

"Hajui, mama."

Mwanamke huyo akaukaza mkono ule, na Isdori akafumba macho.

"Basi nyumbani kwetu," Agnesi akasema, "tutazoea kutaja majina."